Rangi ya Pili Juu ya Tereza

Jumatatu, 6 Mei 1974

Nimesugua bawa la kushoto la ndege yangu ndogo tena. Bado zito kuliko la kulia. Msasa umeisha, nimebaki na kipande kama ukucha. Macho yananiwasha. Leo moshi wa asidi wa kiwanda umelala juu ya kampi yetu ya wafanyakazi kama hauna kwao. Jirani analalamika nguo zake zimetoboka kwenye kamba. Alalamike. Nani atamsikiliza?

Mti ni ule unaoota majini kule Kapolowe, wavuvi wanaukata kufanya vielea vya nyavu. Mwepesi kama mkate wa komunyo. Injinia muzungu aliyetufundisha kuunda ndege hizi alipoondoka, miti yake ya Ulaya iliondoka naye. Alituachia sanduku moja, mimi na shemeki wangu Mutombo, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tukimfuata kila Jumapili uwanjani. Ndani yake mna mota ndogo ya aluminiamu, haizidi kidole gumba, na chaji chache. Chaji ni kidonge kigumu cha baruti. Unakitia ndani ya mota, unawasha utambi, moto unatoka nyuma kwa mluzi na ndege inakwenda. Hakuna propela. Jet ya kweli, ila unaibeba kwa mkono mmoja.

Mkiani nimeandika TEREZA kwa rangi nyekundu. Mke wangu. Mwaka umepita tangu tumzike, na kwenye msalaba wake jina hilo halipo. Karani wa mji alikataa. Majina ya kizungu yamekatazwa, eti hata kwa maiti. "Andika Kabedi, ao muzike bila jina." Tukaandika Kabedi, jina lake la ukoo. Mimi sikuishi na Kabedi. Niliishi na Tereza, ndani ya nyumba hii, miaka sita.

Ndege itapaa siku wakwe watakayonitoa kilio, wanivue nguo nyeusi. Mara moja tu jina lake lipite hewani. Sitaki kingine.

Jumatano, 8 Mei

Bukari ya unga wa mahindi na sombe ya majani ya mihogo. Sombe haina chumvi. Kupika sijui, na kujifunza sitaki.

Jumapili, 12 Mei

Nilikwenda Kikula kwa wakwe, kumwona Ngalula. Amerefuka. Miaka minne, na ananiamkia kama mgeni aliyeleta barua.

Kwetu mwanamume aliyefiwa hatolewi kilio na ndugu zake. Ni watu wa marehemu wanaomwosha, wanaomnyoa, wanaomvua nguo nyeusi. Mpaka wafanye hivyo, mimi ni mtu mwenye maiti mgongoni, na mtoto halali nyumba moja na mtu kama huyo. Ndiyo maana Ngalula yuko kwa bibi yake. Mwaka mzima namwona Jumapili tu, uani, nimekalia kigoda, kama mfungwa aliyetembelewa.

Mama mkwe alikuwa ndani, kanipa mgongo kama inavyopasa. Hatusemi naye uso kwa uso, tangu siku ya mahari hatujasema. Anasema na mtoto, mimi nasikia. "Ngalula, ambia baba yako, pombe ya munkoyo ya kutoa kilio tutapika wakati kaka ya mama yako atasema."

Kaka ya mama yake ni Mutombo. Basi, nangoja neno la Mutombo.

Alhamisi, 16 Mei

Mutombo amekuja. Viatu vipya. Tangu Chama kimfanye mwanimasheni wa kiwanda, yule anayewachezesha wafanyakazi ngoma za kumsifu Mkubwa wa nchi, hatembei tena, anaandamana. Zamani tulikuwa tunalala chali kwenye majani pamoja tukitazama ndege zetu zikishuka. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Nasema kweli tupu.

Aliiona mezani. Akaishika, akaipima kwa vidole viwili chini ya mabawa, kama tulivyofundishwa. Ikakaa sawa bila kuinama. Akatabasamu. Nilisahau kumchukia kwa muda mfupi.

Halafu akasema, "Shemeki, ile ndeke Chama inaitaka. Sikukuu iko mwezi ujao. Bakubwa batakuja. Jet ya kwanza ya hapa Likasi, ya bantu beusi."

Nikamwambia siko na ndege ya Chama.

Akasoma mkia. Akaufunika kwa kiganja. "Na hii jina utaitoa."

Nilimwuliza jina hili ni la nani. Akairudisha ndege mezani. Ni la dada yake wa tumbo moja.

Jumamosi, 18 Mei

Salongo, kazi ya bure ya lazima, asubuhi nzima. Kufagia barabara ambayo hakuna anayeipita. Mutombo alikuwa anapiga filimbi. Nilifagia vumbi likamfuata yeye kwa makusudi. Furaha ndogo, lakini furaha.

Jumanne, 21 Mei

Nimejaribu ndege uwanja wa nyuma ya mtaa wa Panda, chaji moja. Jioni, hakuna upepo. Unawasha utambi, unangoja. Ukiachia mapema, imeanguka. Unangoja mpaka mluzi uwe mwembamba, mkono uanze kuvutwa, ndipo unafungua vidole. Hutupi. Unafungua tu.

Ilikwenda. Mama yangu, ilikwenda! Ikachora duara moja pana, moshi mweupe nyuma yake, ikamaliza moto, ikateleza chini mpaka kwenye majani kwa adabu zake. Nimeongeza madini ya risasi kidogo puani ili mkia usilemee, ukubwa wa punje ya mahindi. Sasa imekamilika. Kwenye ndege ya namna hii punje ya mahindi ni jambo kubwa.

Nililia. Sina haya kuandika, hakuna atakayesoma.

Zimebaki chaji mbili. Moja ina ufa, sina imani nayo.

Jumapili, 26 Mei

Kikula tena. Mjomba mkubwa wa Tereza amesema familia imekaa kikao. Eti mwaka huu mahindi ya munkoyo hayatoshi, kilio kitatolewa mwakani. Mahindi! Magunia mawili yamesimama nyuma ya mlango, nimeyaona kwa macho yangu haya.

Mutombo alinisindikiza mpaka barabarani. Sauti ya chini, sauti ya mtu mwema. "Shemeki, weye uko na kichwa nguvu. Toa ndeke, na minye nitasema na bazee. Mutoto atarudia kwako mbele ya baridi kuisha."

Kumbe ndivyo. Mtoto wangu kwa ndege.

Nilimtukana. Tusi lenyewe siliandiki hapa, lilimgusa mama yake, na mama yake ni mkwe wangu. Najuta hilo tu.

Jumatatu, 27 Mei

Sitoi.

Alhamisi, 30 Mei

Sitoi. Aende akachezeshe ngoma zake.

Jumapili, 2 Juni

Ngalula hakutoka kuniamkia. Walisema amelala. Saa nne asubuhi. Nilisikia kikohozi chake ndani.

Jumatatu, 3 Juni

Baridi. Mikono kazini inaganda kwenye chuma. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Tulifundishwa methali hiyo shuleni kwa mapadri, tukaimba kama wajinga. Aliyeitunga hakuwahi kuubusu mkono wenyewe.

Tereza amekufa. Ngalula anakohoa. Nimefikiri siku nzima mbele ya mashine na jibu ni hilohilo.

Jumatano, 5 Juni

Nimekubali. Nilimwambia Mutombo kwenye mlango wa karakana mbele ya watu, ili asikane baadaye. Akanishika bega. Nikalitoa bega langu.

Masharti yake: ndege iwe ya kijani, rangi ya Chama. Jina litoke. Masharti yangu: kilio Jumamosi ya pili baada ya sikukuu, na mtoto siku hiyohiyo. Akaapa kwa kaburi la baba yake.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepaka kijani. Rangi ya kiwanda, ile ya mabomba, hakuna nyingine. Nene kama uji. Niliipunguza kwa petroli, nikapaka nyembamba sana. Risasi ya puani nimeongeza kidogo, mizani imekaa.

Jina sikulisugua. Niliambiwa lisionekane. Sikuambiwa lisiwepo. Nimepitisha rangi juu yake mara moja, na Tereza yuko chini pale, mzima, hakuna herufi iliyoguswa. Atapaa mbele ya bakubwa wote na hawatajua. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumanne, 11 Juni

Mutombo amechukua ndege. Nilitaka kuibeba mwenyewe siku yenyewe. Hapana, eti kamati lazima iione. Nimempa chaji ile nzima. Nikamwambia usiguse kitu chochote, usiongeze, usipunguze, imepimwa. Akasema anajua, tulifundishwa pamoja.

Nyumba imekuwa kubwa. Meza tupu.

Jumapili, 16 Juni

Ngalula alikaa mapajani mwangu! Mama mkwe aliona kwa dirisha, hakumwita. Kweli neno la Mutombo lina nguvu siku hizi. Alinuka moshi wa kuni na mafuta ya mawese. Aliniuliza kama nyumbani kwangu kuna kitanda. Nikamwambia kipo, nimekitengeneza. Akasema atakuja na kuku wake.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika haraka.

Uwanja ulijaa. Wafanyakazi wote, kwa lazima, karatasi zilipigwa mhuri mlangoni. Jukwaa limefunikwa vitambaa vya kijani. Bakubwa wamekaa, wake zao nyuma yao. Ngoma, ngoma, ngoma. Mutombo mbele, anatoka jasho kama mtwanga mihogo.

Niliitwa kwenye mstari wa kurushia kushika ndege. Nilipoipokea nikajua. Mkia ulikuwa mzito. Vidole viwili chini ya mabawa, ikaketi kwa nyuma kama kuku anayetaga. Nikatazama. Rangi mpya juu ya rangi yangu, nene, imelowa bado. Nikamwuliza Mutombo umefanya nini. Akaninong'oneza, "Jua ikiipiga, jina ilionekana. Nilipaka tena. Ungefanya nini, weye?"

Nilisema isipae. Nilisema mara mbili. Lakini kipaza sauti kilikwisha kutangaza, na bakubwa walikwisha kugeuza viti. Yeye mwenyewe ndiye aliyewasha utambi. Mimi ndiye niliyeshika. Mluzi ukawa mwembamba, mkono ukavutwa, nikafungua vidole. Ningeweza kuviacha vimefumba, nikaungua. Nilifungua.

Ikapanda. Moja kwa moja juu, pua mbinguni. Watu wote wakasema yoooo. Ikasimama pale juu, ikageuka mgongo, ikarudi na moto wake wote kwenye jukwaa. Mgeni mkubwa alijitupa chini ya kiti chake. Kitambaa kikashika moto kidogo, mtu akakizima kwa koti. Hakuna aliyeumia.

Mambo yangekwisha hapo. Lakini wafanyakazi walicheka. Mtu mmoja kwanza, huko nyuma, halafu wote, kiwanda kizima, kicheko cha mwaka mzima. Watu wanaolazimishwa kupiga makofi hawachezi na nafasi ya kucheka. Mgeni alitoka chini ya kiti akiwa na vumbi magotini, na kicheko kikaongezeka.

Nasikia gari nje.

Jumatatu, 1 Julai

Nimerudi. Siku zile za katikati sikuwa na kalamu.

Kinachopaswa kuandikwa ni hiki tu. Watu wa usalama hawakunipiga sana. Chumba, kiti, ndege yangu mezani, bawa moja limevunjika. Bwana mmoja wa sauti ya upole alikuwa amekwangua mkia kwa wembe. Kijani cha Mutombo, kijani changu, halafu nyekundu. TEREZA. Walifurahi kuliko watu waliopata almasi.

"C'est qui, Tereza?"

Aliuliza kila siku Tereza ni nani, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili. Ni muzungu? Ni alama? Ni jina la mercenaires, wale askari wa kukodiwa mliowaficha miaka ile? Ni nani aliyekutuma kuwachekesha watu juu ya mgeni wa Mkubwa?

Nilinyamaza siku za kwanza. Nilijiona shujaa, kwa kweli. Nikawa namwita kimoyomoyo.

Halafu yule bwana akauliza kama nina mtoto. Kwa upole. Akataja Kikula.

Nilisema, "Haiko muntu. Ni jina ya ndeke tu. Muzungu njo alikuwa anaita vile, nasi tukafuata."

Akaandika. Akasema, "Vizuri. Njo vile na shemeki yako alisema, siku ya kwanza."

Siku ya kwanza! Hata usiku mmoja hakuungoja. Nilimchukia kwa nguvu zote zilizobaki. Halafu nikakumbuka kwamba maneno yetu ni yaleyale. Yeye alitangulia tu.

Tulitolewa, mimi na Mutombo, saa ileile, kwa lango lilelile. Viatu vyake vipya hakuwa navyo. Tulitembea mpaka njia panda. Pale aliniambia, "Jumamosi. Niliapa." Akaenda zake peku.

Mimi nimewekwa likizo bila posho. Yeye si mwanimasheni tena. Amewekwa mwingine.

Jumatano, 3 Julai

Nimechana kitabu cha misa kwa hasira, halafu nimekigundisha kwa ulimbo wa mti. Ukurasa wa sala za wafu unakwaruza sasa.

Nani anamkana mtu aliyekufa? Aliye hai unaweza kusema atajitetea. Asiyekuwapo na lake halipo.

Jumamosi, 6 Julai

Wamenitoa kilio.

Hawakufanya kubwa. Munkoyo kidogo, jamaa wachache, wengine waliogopa kuonekana na sisi. Mjomba alinyoa kichwa changu nyuma ya nyumba. Maji baridi yenye majani, ndoo nzima, meno yakagongana. Nguo nyeusi zikachomwa. Wakanifunga ushanga mweupe mkononi. Mutombo ndiye aliyenipa shati jipya, kama inavyompasa kaka wa marehemu. Nilinyoosha mikono, akaingiza mikono ya shati. Hatukutazamana.

Kulibaki neno moja la desturi. Mfiwa anamtaja marehemu kwa sauti, anasema fulani nenda, mimi nabaki. Ndipo anakuwa huru.

Kabla sijasema, mama mkwe akakohoa. Alikuwa kwenye kizingiti, kanipa mgongo, Ngalula mbele yake. Akasema na mtoto, wote wakasikia.

"Ngalula, uliza baba yako. Tereza ni nani?"

Mtoto akauliza. Kwa sauti ya shule, wazi kabisa. "Baba, Tereza ni nani?"

Mutombo aliinama, akawa anafunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba. Nyuma ya ukuta wa majani alisimama mwanimasheni mpya. Kwani kuna siku hasimami? Niliona kofia yake.

Nikasema, "Kabedi, nenda. Minye nabaki."

Mama mkwe hakugeuka. Bega moja lilitikisika, halafu likatulia.

"Ngalula," akasema, "chukua kuku wako. Enda na huyu."

Hakusema baba yako. Nililisikia hilo, nikalibeba njia yote mpaka nyumbani.

Jumapili, 7 Julai

Ngalula amelala vizuri. Hakukohoa. Kuku yuko chini ya meza, amepata mahali pale nilipokuwa natengenezea mabawa, kwenye unga wa mti.

Misa sikwenda. Nimepika bukari, imetoka na madonge. Amekula. Amesema ya bibi ni nzuri zaidi. Ni kweli.

Chaji yenye ufa iko bado koponi juu ya kabati. Ndege haipo. Nimeufunga mfuniko.

Jioni alinikuta nikikwangua kijani kwenye kucha. Aliuliza tena. Nilijua atauliza.

Niliinuka, nikafunga dirisha. Nikafunga na mlango. Nikarudi nikakaa sakafuni karibu naye, na nikamwambia ni mama yako.

Akaniuliza kwa nini nasema kwa sauti ndogo hivyo.